Kabla Hujalipa

Kaa kwanza, Eskil. Bahasha yako iache mezani, usiifungue.
Umetoka Alta kwa basi, barabara nzima theluji,
kunywa kahawa nikuambie unachonunua.
Tangazo lilikuwa na sentensi nne.
Mimi nina miaka kumi na mmoja ya kusema.

Ni nzito. Ukiifunga lenzi ndefu
kilo tatu zinakuning'inia shingoni.
Bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto;
aliyegundua si daktari, ni fundi aliyenishonea koti.

Lakini gizani, mwanangu,
hapo ndipo utaisamehe.
Hapa Vardø jua huaga mwishoni mwa Novemba
na haliji kutujulia hali mpaka Januari imezeeka.
Wenye simu hupiga, wakapata uji mweusi.
Hii, kwa taa moja tu ya gatini,
hukupa nyuzi za sweta, mvuke wa pumzi,
magamba ya chewa yaliyoganda kwenye glavu.
Kihisi chake ni kipana, fremu kamili,
hakina choyo: mwanga haba ukipita mlangoni
hukaribishwa wote, na viatu vyake.

Betri inajigamba picha elfu mbili.
Kwenye baridi ya hasi kumi na nane, hesabu mia tatu.
Mbili za akiba zilale kwapani
kama mayai yanayoatamiwa. Utazoea.
Faili zake nene; kompyuta yako itakohoa.
Mpira wa kishikio ulibanduka,
nikaugandisha kwa gundi ya viatu.
Iliwahi kuanguka kwenye ngazi za bandari,
tukatafuta ufa. Ufa tuliuona kwenye ngazi.

Na usiamini macho yake ukiifungua lenzi wazi kabisa.
Ukali wa picha huwa mwembamba kama ukucha.
Meya wetu nilimpata pua tu, kila kitundu chake,
macho yote mawili yameingia ukungu.
Gazeti likaitoa hivyo hivyo ukurasa wa kwanza.
Hakunisalimia mpaka Pasaka.

Kimebaki kimoja. Ongeza sukari.

Ina mlio. Kioo chake kikiruka, hulia kama kufuli.
Kiwandani, kwenye mashine za minofu, nani atasikia?
Lakini siku tuliyomzika Torleif
kanisa lilikuwa kimya hata mishumaa ilisikika,
na Åsne, mkewe, ameinama benchi la mbele.
Nilibonyeza mara moja.
Tak.
Safu tatu ziligeuka. Yeye hakugeuka.

Usiku nikaifungua picha. Hakika,
sijawahi kupiga nzuri kuliko ile.
Nikaona haya, nikaifungia.
Kitu kinachoona hivi
hakijui wakati wa kufumba,
na kasoro hiyo haimo kwenye kijitabu cha maelekezo.

Miaka mitatu ikapita. Åsne akagonga mlango huo hapo,
theluji mabegani, hakuvua hata kofia.
"Ule mlio niliusikia," akasema.
"Nataka kuona nilikuwaje."
Nikamchapia kubwa, upana wa meza hii.
Akatazama uso wake kidogo, akauacha.
Kidole kikashuka mpaka chini ya benchi,
kwenye kivuli ambacho kamera nyingine
ingekirudisha cheusi tii, kitupu.
Kilikuwa na kitu ndani.
"Soksi za Torleif," akasema. "Za sufu, zile nene.
Nilidhani hakuna aliyeziona."
Akacheka mpaka akakaa,
kiti hicho ulichokalia wewe.

Basi hiyo ndiyo kamera. Haidaiwi, haina ugonjwa.
Mkanda sikuuzii.

Sasa fungua bahasha, uhesabu wewe,
kwa sauti, taratibu:
siku hizi noti naziona kingo tu,
katikati pake pana ukungu,
na lenzi ya hapo haiuzwi.